Namna ya Kupata na Kutumia Data za Tafiti za Jamii za Muda Mrefu

Tangu mwaka 1972, kituo cha utafiti cha NORC katika Chuo Kikuu cha Chicago kimekuwa kikiwahoji watu wazima wa Marekani kuhusu maisha yao, kazi zao, imani zao na maoni yao juu ya serikali, na mengi ya maswali hayo yameulizwa kwa maneno yaleyale kwa zaidi ya nusu karne. Utafiti huo, General Social Survey, hujulikana kwa kifupi kama GSS. Nchini Uingereza, watu waliozaliwa katika wiki moja ya mwezi Machi 1946 wamefuatiliwa tangu utotoni hadi uzeeni. Hazina za namna hii ni nyingi, na sehemu kubwa hutolewa bure kwa mtafiti yeyote anayefuata masharti, awe profesa au mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Asiye na fedha za kutuma wadadisi nyumba kwa nyumba bado anaweza kufanya utafiti wa hali ya juu kwa data ambazo wengine wamezikusanya kwa miongo mingi.

Hata hivyo, urefu wa muda unaozipa data hizi thamani ndio huohuo unaozitia mitego. Katika miaka hamsini dodoso hurekebishwa, namna ya kuchagua wahojiwa hubadilika, mahojiano ya ana kwa ana huhamia kwenye simu au intaneti, na hata swali lisilobadilika neno lolote huanza kusikika kwa maana nyingine. Kwa hiyo, kila unapoona mstari wa grafu ukipanda au kushuka, jiulize kwanza: je, kilichobadilika ni jamii, au ni kipimo chenyewe? Mwongozo huu umepangwa kwa hatua, lakini swali hilo linapita katika hatua zote.

Hatua ya kwanza: Bainisha aina ya mabadiliko unayoyatafuta

Tafiti za muda mrefu ni za aina mbili kubwa, na kutozitofautisha ni kuharibu kazi tangu mwanzo. Aina ya kwanza ni tafiti za kurudiwa, ambapo kila awamu huhoji sampuli mpya ya watu kutoka katika jamii ileile. GSS kwa sehemu kubwa iko hivyo, na ndivyo ulivyo Utafiti wa Jamii wa Ulaya, yaani ESS, ulioanza mwaka 2002 na kufanyika kila baada ya miaka miwili. World Values Survey iliyoanza mwaka 1981 na Afrobarometer iliyoanza mwaka 1999 ni za aina hiyohiyo. Aina ya pili ni tafiti za paneli, ambazo humrudia mtu yuleyule awamu baada ya awamu. Kongwe kuliko paneli zote za kaya duniani ni PSID ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyoanza mwaka 1968. Nyingine zinazotumika sana ni SOEP ya Ujerumani, tangu 1984, HILDA ya Australia, tangu 2001, NIDS ya Afrika Kusini, iliyokuwa na awamu tano kati ya 2008 na 2017, na Understanding Society ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2009 na kuipokea paneli ya zamani ya BHPS ya mwaka 1991.

Chukua mfano wa umaskini. Tuseme tafiti mbili zilizopishana miaka mitano zinaonyesha kwamba kaya tatu katika kila kumi ni maskini. Tafiti za kurudiwa zitakuambia kwamba kiwango hakikubadilika, na hapo zitakoma. Paneli itakuambia kama kaya maskini ni zilezile zilizonasa kwa miaka yote mitano, au kama nusu yao zilijikwamua huku nyingine zikitumbukia mahali pao. Hizo ni jamii mbili tofauti kabisa, na sera zinazozifaa ni tofauti. Kwa upande mwingine, paneli haina ubora wa moja kwa moja kwa kila swali, kwa kuwa ukitaka kujua maoni ya umma kuhusu adhabu ya kifo yamekwendaje tangu miaka ya 1970, sampuli mpya kila awamu inaiwakilisha jamii ya kila wakati vizuri zaidi kuliko kundi linalozeeka pamoja.

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, andika swali lako la utafiti katika sentensi moja inayotaja watu gani, kipindi gani, na kama unapima mtu, kaya au nchi. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuokoa utakapokutana na maelfu ya maswali yanayovutia yasiyohusiana na kazi yako.

Hatua ya pili: Tafuta data zilipohifadhiwa

Data nyingi za jamii ziko katika hifadhi maalumu zinazotunza mafaili, nyaraka na matoleo ya kila utafiti. ICPSR ya Chuo Kikuu cha Michigan ilianzishwa mwaka 1962. Hifadhi ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Essex, leo ni sehemu ya huduma ya UK Data Service. Ujerumani ina GESIS, Chuo Kikuu cha Cape Town kina DataFirst, na Benki ya Dunia ina maktaba yake ya data za kaya, zikiwemo tafiti za mpango wa kupima hali ya maisha, LSMS, ulioanza mwaka 1980. Tafiti kubwa kama GSS, ESS na PSID zina pia tovuti zake zenyewe, na mara nyingi huko ndiko kwenye toleo jipya zaidi.

Tafuta kwa maneno ya swali, usitafute kwa jina la utafiti peke yake. Hifadhi kadhaa hukuruhusu kuchunguza maswali yaliyoulizwa, mwaka kwa mwaka, kabla hujapakua chochote. Ukishapata utafiti unaoelekea kufaa, hakiki mambo manne: swali lako liliulizwa katika awamu zipi, nani waliulizwa, eneo dogo kabisa linalotajwa katika data ni lipi, na kundi unalolilenga lina wahojiwa wangapi. Hilo la mwisho huvunja mipango mingi. Awamu za mwanzo za GSS zilikuwa na wahojiwa wapatao 1,500 kila moja, na sampuli ya Afrobarometer kwa nchi ni watu 1,200 au 2,400. Idadi hizo zinatosha kueleza taifa zima, lakini ukianza kuchuja kwa jinsia, umri, kazi na mkoa, utajikuta na watu kumi na wawili ambao hawawezi kubeba hoja yoyote. Wakati mwingine tiba ni kuunganisha awamu mbili au tatu, mradi uwe tayari kupoteza uwezo wa kuzitofautisha.

Angalia pia wale wasiofikiwa kabisa. Karibu tafiti zote za kaya huwaacha nje watu waishio gerezani, kambini, katika nyumba za wazee na mitaani. Kama utafiti wako unahusu afya ya akili au ajira ya vijana wa kiume, walioachwa nje huenda ndio walio kiini cha swali lako, na ni lazima useme hivyo wazi.

Hatua ya tatu: Omba ruhusa na uelewe unachokitia saini

Viwango vya upatikanaji hutofautiana. Data za GSS za msingi hupakuliwa na yeyote. ESS hukutaka ujisajili na kukubali kuzitumia kwa malengo yasiyo ya kibiashara. SOEP hutolewa kwa mkataba na taasisi ya DIW Berlin. Uingereza kuna ngazi tatu ndani ya huduma moja: leseni ya kawaida kwa watumiaji waliojisajili, leseni maalumu kwa data zenye maelezo ya kina zaidi kama vile eneo la makazi, na maabara salama ambamo unafanya uchambuzi bila kutoka na faili, na matokeo yako hukaguliwa kabla hujakabidhiwa.

Anza na ngazi ya chini kabisa inayojibu swali lako. Watu huomba data za siri mapema mno kwa kudhani kwamba zina thamani zaidi, kisha hukaa miezi wakisubiri kibali ambacho hawakukihitaji. Fanya uchambuzi wa awali kwa data za kawaida, na ukithibitisha kwamba jina la wilaya au tarehe kamili ya kuzaliwa ni ya lazima, ndipo uandike ombi linaloeleza kwa nini. Ombi zuri hutaja swali, mafaili yanayohitajika, nani watakaoyagusa, yatakapohifadhiwa na siku yatakapofutwa.

Masharti mawili hupuuzwa mara kwa mara. La kwanza ni katazo la kumpa data mtu mwingine. Kumtumia faili mwanafunzi mwenzako kwa barua pepe ni kuvunja leseni nyingi, na ndivyo ilivyo kwa kulipakia katika huduma ya mtandaoni ya akili bandia ili ikusaidie kulichambua. La pili ni katazo la kujaribu kumtambua mhojiwa. Waratibu huchukua tahadhari zao: katika tafiti za idadi ya watu na afya zinazojulikana kama DHS, vipimo vya GPS vinavyoonyesha mahali pa maeneo ya sampuli husogezwa kwa makusudi hadi kilomita 2 mijini na hadi kilomita 5 vijijini, na asilimia moja ya vile vya vijijini husogezwa hadi kilomita 10. Ukivitumia kupima umbali kutoka nyumba hadi zahanati, sehemu ya unachokipima ni huo usogezaji. Hata hivyo, tahadhari zao hazikuondolei wajibu. Mhojiwa alijibu kwa kuahidiwa siri, na ahadi hiyo sasa iko mikononi mwako. Uliza pia kamati ya maadili ya chuo chako, kwani vyuo vingi hutaka kibali, au barua ya kusamehewa kibali, hata kwa data zilizokwisha kukusanywa.

Hatua ya nne: Soma nyaraka kabla ya kugusa namba

Hii ndiyo hatua ninayoihimiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Pakua dodoso la kila awamu utakayoitumia, kitabu cha misimbo (kinachoeleza kila namba katika faili ina maana gani), taarifa ya sampuli na taarifa ya mabadiliko. Kisha tengeneza jedwali lenye safu moja kwa kila awamu, na ndani yake unakili maneno kamili ya swali, chaguo za majibu, nani waliulizwa, mahojiano yalifanywa kwa njia gani, na swali gani lilitangulia. Jedwali hili huchosha kulitengeneza. Lakini likikamilika litakuwa limekwisha kukuonyesha sehemu kubwa ya mabadiliko yasiyo ya kweli ambayo ungeyatangaza kama ugunduzi.

Maneno ya swali ndiyo ya kuanza nayo. Tangu miaka ya 1980, GSS imekuwa ikiwagawa wahojiwa katika makundi: kundi moja huulizwa kama serikali inatumia fedha nyingi mno au kidogo mno kwa ruzuku za ustawi, zikitajwa kwa neno la Kiingereza "welfare", na kundi jingine huulizwa jambo hilohilo kwa maneno ya kuwasaidia maskini. Wanaotaka matumizi yaongezwe huwa wengi zaidi, tena kwa pengo kubwa, katika kundi la pili. Kama awamu moja ingetumia maneno ya kwanza na awamu iliyofuata ikatumia ya pili, mtafiti asiyesoma dodoso angeandika makala nzima kuhusu taifa lililopata huruma ghafla.

Mpangilio wa maswali una nguvu yake pia. Mtu aliyetoka kuulizwa kama ana furaha katika ndoa yake, kisha akaulizwa kama ana furaha maishani kwa ujumla, hubeba jibu la kwanza kwenda katika la pili. Idadi ya chaguo, kuwepo au kutokuwepo kwa jibu la kati, na kama mdadisi anaruhusiwa kupokea jibu la "sijui", vyote hubadilisha asilimia. Katika tafiti za nchi nyingi kuna tatizo la ziada la lugha, kwa sababu kipimo chenye hatua kumi na moja kutoka sifuri hadi kumi hakisikiki kwa namna moja katika lugha zote. ESS huchapisha madodoso ya kila nchi katika lugha zake, na mchambuzi anayeifahamu mojawapo ya lugha hizo ana faida ya kulinganisha mwenyewe.

Njia ya mahojiano ni mtego wa tatu, na tangu janga la UVIKO-19 umekuwa mkubwa zaidi. Awamu ya GSS iliyokusudiwa kufanyika mwaka 2020 ilichelewa hadi mwaka 2021, na badala ya mdadisi kubisha hodi, wahojiwa wengi walijaza dodoso wenyewe kupitia intaneti. NORC yenyewe iliwatahadharisha watumiaji kuhusu kulinganisha awamu hiyo na zilizotangulia. Baadhi ya nchi katika awamu ya kumi ya ESS nazo zilihamia katika dodoso la kujijazia. Mtu akiwa peke yake mbele ya skrini husema mambo ambayo angeona haya kumwambia mdadisi aliyeketi sebuleni kwake, hasa kuhusu upweke, unywaji wa pombe, ubaguzi na furaha. Kwa hiyo, kuanguka kwa furaha kati ya awamu ya ana kwa ana na awamu ya intaneti kunaweza kuwa huzuni ya kweli, ukweli uliopata nafasi ya kusemwa, au vyote viwili kwa pamoja. Usijaribu kuamua kwa hisia. Tafuta tafiti nyingine ya kipindi hichohicho ambayo haikubadilisha njia, na ukiikosa, onyesha matokeo yako pamoja na awamu hiyo na bila awamu hiyo.

Namna ya kuchagua sampuli hubadilika vilevile. GSS ya miaka ya 1972 hadi 1974 ilitumia mgawo katika ngazi ya mtaa, yaani mdadisi alitafuta idadi iliyopangwa ya watu wa kila aina, mwaka 1975 na 1976 ilichanganya njia mbili, na tangu 1977 imetumia sampuli ya nasibu kamili, ambapo bahati nasibu ndiyo huamua nani ahojiwe. Mwaka 1982 na 1987 iliongeza sampuli maalumu ya Wamarekani weusi, na hadi mwaka 2006 waliohojiwa walikuwa wale tu walioweza kujibu kwa Kiingereza. Mwaka huo mahojiano ya Kihispania yakaanza. Fikiria mtafiti anayechora mwelekeo wa maoni kuhusu uhamiaji kutoka 2000 hadi 2010 bila kujua jambo hilo la mwisho. Atapata badiliko, na sehemu yake itakuwa ni watu ambao zamani hawakuulizwa.

Hatua ya tano: Andaa mafaili yako

Fungua daftari la amri katika programu unayoitumia, iwe R, Stata au SPSS, na ufanye kila kitu kwa amri zilizoandikwa. Faili la asili lisiguswe wala kuhifadhiwa upya. Badiliko lolote utakalolifanya kwa kubofya bila kuandika halitakuwepo mwezi ujao utakapotaka kujua namba fulani ilitoka wapi.

Kazi ya kwanza ni majibu yaliyokosekana. Katika Understanding Society, hasi 9 ni jibu lililokosekana, hasi 8 ni swali lisilomhusu mhojiwa, hasi 7 ni mhojiwa ambaye mtu mwingine alijibu kwa niaba yake, hasi 2 ni kukataa, na hasi 1 ni kutojua. Tafiti nyingine hutumia 99 au 9998. Programu haijui hayo: itajumlisha hasi 9 kama mapato ya mtu, au kumhesabu mhojiwa aliyekataa kuwa na watoto 99. Lakini usiyafute yote kwa pamoja. Asiyemhusu swali si sawa na aliyelikataa, na wingi wa waliokataa kusema mapato yao ni habari yenyewe.

Kazi ya pili ni kulinganisha vigeu, yaani safu za data zinazobeba majibu, katika miaka yote. Katika PSID jambo moja hubeba jina tofauti karibu kila awamu, na itakubidi utumie faharasa yao inayounganisha miaka. Mapato yanahitaji uangalifu wa pekee. Kigeu cha zamani cha mapato ya familia katika GSS kinaishia katika kundi la dola 25,000 na zaidi, kundi ambalo miaka ya 1970 lilikuwa la wenye nacho na sasa linawakusanya wengi wa wahojiwa, kiasi kwamba halitofautishi tena. Kwa sababu hiyo waratibu wametengeneza vigeu vilivyorekebishwa kwa mfumuko wa bei, kikiwemo kile cha realinc kilichowekwa katika thamani ya dola za mwaka 1986. Utafute kama kigeu cha namna hiyo kipo kabla ya kutengeneza chako.

Kazi ya tatu, kwa watumiaji wa paneli, ni kuunganisha mafaili. Namba ya utambulisho wa mtu, kama vile pidp katika Understanding Society, hudumu katika awamu zote, ilhali namba ya kaya huwa ni ya awamu moja tu. Kuna sababu ya msingi: kaya haina maisha marefu kama mtu. Watoto huoa na kuolewa, wenzi huachana, wazee huhamia kwa wanao, na hakuna kanuni itakayokuambia ni nusu ipi ya kaya iliyogawanyika inayobaki kuwa kaya ya awali. Mfuatilie mtu, na kaya yake ya kila awamu iwe sifa yake. Baada ya kila muunganiko, hesabu mistari ya faili na uhakikishe hakuna mtu aliyejirudia ndani ya awamu moja.

Kisha, kabla ya kuendelea, zalisha upya jedwali moja lililokwisha kuchapishwa na waratibu wa utafiti huo. Ukipata namba zilezile, umeielewa data. Zikitofautiana, usisonge mbele hata kama tofauti ni ndogo, kwa kuwa chanzo chake huwa ni uzito uliosahaulika, kundi lililochujwa vibaya, au toleo tofauti la faili.

Hatua ya sita: Tumia uzito na muundo wa sampuli

Uzito wa sampuli ni namba inayosema kila mhojiwa anawakilisha watu wangapi kwa kulinganisha na wenzake. Ikiwa mkoa wenye sehemu ya kumi ya watu wa nchi ulipewa robo ya sampuli ili upate wahojiwa wa kutosha, basi bila uzito wastani wa taifa utaegemea mkoa huo. Shida si kukosa uzito, bali kuwa nao mwingi. ESS ina uzito wa kurekebisha uwezekano wa kuchaguliwa, uzito unaooanisha sampuli na takwimu za umri, jinsia na elimu, na uzito wa ukubwa wa nchi, pamoja na anweight unaojumuisha yote kwa ajili ya uchambuzi. Paneli huwa na uzito wa awamu moja na uzito wa muda mrefu kwa wale waliojibu awamu zote mfululizo. Chagua unaolingana na swali lako, na uutaje kwa jina katika makala yako. Katika DHS, uzito wa mwanamke, uitwao v005, umehifadhiwa bila nukta, kwa hiyo ugawanye kwa 1,000,000 kabla ya kuutumia.

Uzito pekee hautoshi. Wahojiwa wengi huchaguliwa katika vikundi vya maeneo, na majirani hufanana: hupitia barabara moja, hutumia shule moja, husikiliza mahubiri yaleyale. Watu ishirini wa kijiji kimoja hawakupi habari mpya sawa na watu ishirini waliotawanyika nchi nzima. Ukiiambia programu kwamba sampuli ni ya nasibu sahili, itakupa makosa ya sampuli madogo kuliko yalivyo, nawe utatangaza tofauti zisizokuwepo. Kwa hiyo tangaza mwanzoni kigeu cha tabaka (makundi ambamo nchi iligawanywa kabla ya kuchagua sampuli), kigeu cha eneo la sampuli na uzito, kwa amri ya svyset katika Stata au kifurushi cha survey katika R, na uchambuzi wote ufuate humo.

Hatua ya saba: Wafikirie waliopotea njiani

Kila paneli hupukutika. Watu hufa, huhama, huchoka na wadadisi. Wanaopotea si wa nasibu, kwani vijana, wapangaji na wahamaji hutoweka mapema kuliko wenye nyumba na familia zilizotulia. Linganisha sifa za awamu ya kwanza za waliobaki na za walioondoka, na ulichapishe jedwali hilo hata kama halikupendezi.

Utafiti wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, unaonyesha vizuri gharama ya kutowafuata waliohama. Ulianza mwaka 1991 hadi 1994 kwa kaya zaidi ya 900, ukikusudia kupima athari za vifo vya watu wazima wakati wa janga la UKIMWI. Mwaka 2004 wadadisi waliwatafuta wanakaya wa awali popote walipokuwa, hata nje ya mkoa na nje ya nchi, na wakawapata watu kutoka katika kaya zaidi ya tisa katika kila kumi. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba waliohama waliongeza matumizi yao kwa kiasi kikubwa kuliko ndugu zao waliobaki, ukuaji wao ukizidi kwa pointi za asilimia 36 hivi. Utafiti ambao ungerudi tu katika nyumba zilezile ungewaona waliobaki na kuhitimisha kwamba maisha ya kundi lile hayakusonga sana.

Hatua ya nane: Tenganisha umri, kipindi na kizazi

Ukikuta wazee wanahudhuria ibada kuliko vijana, kuna maelezo matatu: huenda watu huongeza ibada wanapozeeka, huenda kizazi kile kililelewa hivyo, au huenda tukio fulani la kipindi hicho liliwagusa wote kwa viwango tofauti. Awamu moja haiwezi kuyatenganisha. Awamu nyingi husaidia, lakini haziondoi tatizo zima, kwa sababu mwaka wa utafiti ukitoa mwaka wa kuzaliwa hukupa umri, na vitu vitatu vinavyofungwa na hesabu moja haviwezi kukadiriwa vyote kwa uhuru.

Mbinu za kitakwimu zinazodai kulimaliza tatizo hili huficha dhana mahali fulani, kama vile kwamba miaka miwili fulani ilikuwa na athari sawa. Zitumie kama unaweza kuitetea dhana hiyo kwa sababu za nje ya data. Vinginevyo, naona njia ya ukweli zaidi ni ya kawaida tu: gawa wahojiwa kwa miongo ya kuzaliwa, chora mstari wa kila kizazi katika miaka yote ya utafiti, kisha uitazame. Mistari ikilala sambamba kwa urefu tofauti, kizazi kina uzito. Ikipinda yote mwaka mmoja, tafuta tukio, na kabla ya tukio rudi katika jedwali lako la hatua ya nne uone kama mwaka huo dodoso lilibadilishwa.

Hatua ya tisa: Andika na kutunza

Taja data katika orodha yako ya marejeo kama unavyotaja kitabu: jina la utafiti, waratibu, awamu, namba ya toleo, hifadhi na kitambulisho cha kudumu. Toleo ni muhimu kwa kuwa waratibu husahihisha makosa ya zamani, na faili la mwaka huu linaweza kutoa namba tofauti na la mwaka jana kwa awamu ileile. Chapisha daftari lako la amri pamoja na makala, bila data zenyewe, ili mwingine aombe ruhusa yake na kuifuata njia yako hatua kwa hatua.

Tunza nakala za madodoso na vitabu vya misimbo ulivyovitumia, kwa kuwa hizo kwa kawaida hazina zuio. Mwaka 2025 ufadhili wa Marekani kwa mpango wa DHS, uliodumu tangu 1984, ulikatizwa, na watafiti wengi waligundua ghafla jinsi kazi yao ilivyotegemea tovuti moja kuendelea kuwepo. Mwisho, tazama tarehe iliyo katika leseni yako. Ikifika, omba kuongezewa muda, au futa mafaili ya data pamoja na nakala zilizo katika diski za akiba, kisha uiarifu hifadhi kwamba umefanya hivyo.